Kamera au kengele ya geti haichaji? Pima hivi kabla hujanunua nyingine

Jamani naandika hii kwa sababu nimechoka kuona kamera nzima zikitupwa. Mtu anaona taa haiwaki, apu inasoma 0, anasema hiyo imekufa, kesho yake yuko mjini ananunua nyingine na ile ya kwanza inabaki kwenye droo, kumbe ilikuwa inadai waya tu. Kamera ya betri sio pesa ndogo, na kwa wale waliotumiwa na ndugu walioko nje ndo usiseme kabisa, kupata nyingine kama ile hapa Uganda sio rahisi. Kwa hiyo twende pole pole. Hii inahusu kamera za betri, zile za sola, na kengele za video za mlangoni au kwenye nguzo ya geti.

Uwe na chaja ya simu unayoiamini, waya mbili tatu tofauti, mswaki wa zamani, spiriti ya duka la dawa, na ukiweza tafuta ile mita ndogo ya USB inayoonyesha volti na ampea, mafundi wa simu wanayo na sio ghali. Hiyo mita mi naihesabu kuliko vifaa vingine vyote manake inamaliza ubishi, badala ya kukisia unasoma namba. Kanuni ni moja tu: umeme unatoka kwenye soketi, unaingia chaja, unapita kwenye waya, unaingia tundu la kamera, alafu unafika kwenye betri, we unapima kipande kimoja kimoja na unabadilisha kitu kimoja kwa wakati. Ukibadilisha vitatu kwa mpigo na ikaanza kuchaji hutajua kilichokuwa kibovu ni kipi, wiki ijayo unarudi pale pale.

Kwanza kabisa: ni shida gani?

Kuna watu wanasema "haichaji" na kumbe inachaji vizuri ila inaisha haraka. Hizo ni shida mbili na dawa zake ni tofauti. Fanya hivi, ichomeke ndani ya nyumba usiku kucha, asubuhi angalia asilimia. Kama haijasogea hata kidogo au haiwaki kabisa, fuata hatua ya 1 mpaka ya 5. Kama imepanda lakini kidogo tu, soma ya 2 kwa makini sana. Kama imejaa 100 lakini ukiirudisha ukutani baada ya siku chache iko chini, basi ruka uende hatua ya 7, kuchaji hakuna shida hapo.

Na usiwe na haraka. Betri ya 10,000 mAh ikipewa ampea 1 inataka saa kama 11 hadi 13, ukiichomeka kwenye USB ya tivii ambayo mara nyingi inatoa nusu ampea inaenda siku nzima na usiku juu. Mtu anaichaji masaa matatu anakuta 20 asilimia anasema mbovu, hapana, iache. Tena ikikaribia kujaa lazima ipunguze mwendo, betri zote za lithiamu ziko hivo, kwa hiyo kukaa kwenye 97 au 98 kwa muda mrefu sio ugonjwa.

Hatua ya 1: soketi na chaja

Chomeka simu kwenye soketi hiyo hiyo na chaja hiyo hiyo. Inaonekana kitu cha kitoto lakini saa ingine Yaka (umeme wa kulipia kabla) imeisha usiku, au ekstensheni ina swichi imezimwa, au soketi imelegea plagi haishiki. Simu ikichaji, soketi na chaja ziko salama angalau kwa kiasi.

Alafu soma maandishi madogo kwenye chaja. Sehemu ya INPUT iwe 100-240V. Hapa kwetu umeme ni 240V, sasa vitu vilivyotoka Marekani saa ingine vinakuja na adapta ya 120V peke yake, hiyo usiichomeke kwenye soketi yetu hata kwa kujaribu, itaungua na inaweza kuwasha moto. Kamera yenyewe haina tatizo, itumie na chaja ya hapa, angalia tu sehemu ya OUTPUT iwe 5V na ampea 1 au 2, ndo kamera nyingi za betri zinataka hivo. Kama kitabu chake kinasema kitu kingine, fuata kitabu.

Powabenki nayo ina mambo yake. Nyingi zinajizima zikiona kifaa kinavuta umeme kidogo sana, kwa hiyo unaichomeka unalala, kumbe imezima baada ya dakika chache. Hata zile seti za sola za nyumbani kijijini, tundu lake la USB mara nyingi ni dogo nguvu, kamera inaweza kuwasha taa ya kuchaji na asilimia isipande.

Hatua ya 2: waya, na hapa ndo pa kukaa sana

Ningeambiwa nitaje kitu kimoja tu ningesema waya. Waya nyembamba na ndefu inakula volti njiani, chaja inatoa 5V lakini kwenye kamera inafika 4.4, kamera inaona hiyo haitoshi inakataa au inachaji kwa kudonoa. Waya ya mita 3 uliyonunua barabarani kwa sababu soketi iko mbali ndo mara nyingi mkosaji. Jaribu waya fupi na nene, isizidi mita 1, tena ile ambayo unajua inachaji simu haraka.

Kuna jambo ambalo linasumbua sana na hata wauzaji wengi hawalijui. Kamera kadhaa za bei nafuu zina tundu la Type-C lakini kiwandani hawakuweka vile vipingamizi vidogo vya 5.1k ambavyo vinaiambia chaja "hapa kuna kifaa, leta umeme". Ukitumia waya ambayo ni C upande huu na C upande ule, kwenye chaja mpya za kisasa, chaja inangoja hiyo taarifa, haiipati, haitoi kitu. Hakuna taa, hakuna chochote. Ukitumia waya ya zamani, yenye USB ile pana upande wa chaja na C upande wa kamera, inachaji hapo hapo. Kwa hiyo kabla ya kulia, tafuta chaja yenye tundu pana. Hii imeokoa kamera nyingi mtaani kwetu, na kuijaribu hakugharimu kitu.

La tatu ni umbo la kichwa cha waya. Kamera za nje zinafunikwa na mpira wa kuzuia maji, tundu lake limezama ndani, sasa waya ya kawaida yenye plastiki nene kichwani haifiki mwisho, inagusa nusu nusu. Ukiisukuma unaona taa inawaka, ukiachia inazima. Waya iliyokuja na kamera ina kichwa chembamba kwa sababu hiyo, usiigeuze ya simu ikapotea. Ikishapotea tafuta yenye kichwa kirefu na chembamba, na kama hupati mwambie fundi apunguze plastiki kidogo kwa wembe, asiguse chuma.

Ukiwa na ile mita ya USB, ichomeke katikati alafu soma. Hakuna volti kabisa, shida iko kwenye chaja au soketi. Iko 5V lakini ampea ni 0.00, umeme umefika lakini kamera haipokei, inaweza kuwa waya, tundu, betri imejaa tayari au imejifunga (nakuja huko). Volti inashuka mpaka chini ya 4.7 hivi ikianza kuvuta, chaja ni dhaifu, na ujue mita ikikaa upande wa chaja haioni kinachopotea kwenye waya, kwa hiyo waya bado ibadilishe. Volti 5 na ampea kati ya 0.5 na 2 na zinakaa hivo, basi kuchaji kuko sawa, hamia hatua ya 7.

Hatua ya 3: tundu lenyewe

Washa tochi ya simu uangalie ndani. Vumbi letu jekundu linaingia kila mahali, na sisimizi wanapenda sana joto la vifaa hivi, wanaweza kujenga humo humo. Zima kamera, toa uchafu kwa kijiti cha kuchokolea meno, cha mbao sio sindano wala pini. Ukiona kijani au unga mweupe hiyo ni kutu ya maji, chovya mswaki kwenye spiriti kidogo, sugua taratibu, acha ikauke kabisa, saa kadhaa mbele ya feni au kivulini penye upepo. Usitumie petroli wala mafuta ya taa, vinaharibu mpira na plastiki.

Kama maji yaliingia kweli kweli, usichaji siku hiyo. Mchele hausaidii sana kama watu wanavyodhani, hewa inayotembea ndo inakausha.

Kwa Type-C geuza kichwa juu chini. Ikichaji upande mmoja tu, pini za upande wa pili zimekufa, itaendelea kukuhudumia lakini panga kumpelekea fundi wa simu abadilishe tundu, kazi hiyo wanaifanya kila siku, pale jengo la Mutaasa Kafeero mjini Kampala na hata kwenye vibanda vya mtaani.

Hatua ya 4: betri inayotoka

Kamera na kengele ambazo betri inatoka, toa, futa vile vyuma vya dhahabu pande zote mbili kwa kitambaa chenye spiriti, rudisha mpaka usikie "tak". Nyingi hazichaji kwa sababu betri haijaingia vizuri, kifuniko kimefungwa juu yake tu. Kwa betri za Ring zile za kuchomoa, ikiwa inachaji taa nyekundu na kijani zinawaka pamoja, ikijaa inabaki kijani peke yake, kwa hiyo nyekundu isikutishe. Kampuni zingine taa zao ziko tofauti, angalia kitabu chako usibebe maana ya taa ya jirani.

Hatua ya 5: betri iliyolala njaa

Kamera iliyokaa miezi kwenye boksi bila kuchajiwa, betri yake inashuka mpaka ile saketi ya ulinzi inaifunga. Kwa nje inaonekana maiti. Ichomeke kwenye chaja ya kawaida ya 5V 1A, sio ya haraka, iache hata saa mbili tatu wakati uko nyumbani unaiona, nyingi zinaamka taratibu bila kuonyesha taa yoyote mwanzoni. Ikiamka ijaze mpaka 100.

Kama ndani ni zile betri za duara za 18650 na zinatoka kirahisi, multimita (mita ya mafundi ya kupima volti) inasema ukweli: 4.2V imejaa, 3.7V iko katikati, karibu 3.0V imeisha, chini ya 2.5V usiihangaikie tena, kuilazimisha ni hatari. Ukinunua mpya jihadhari na zilizoandikwa 9800 mAh. Betri halisi ya saizi hiyo kwa kawaida haizidi sana 3,500, hiyo namba kubwa ni uongo uliochapishwa kwenye plastiki. Ya kweli ina uzito kama gramu 45 hadi 48, ya uongo ukiishika unahisi nyepesi. Na usichanganye ya zamani na mpya kwenye kamera moja.

Sasa nisikilizeni vizuri hapa. Betri iliyovimba, inayonuka kama dawa ya kucha, au inayochoma mkono ikichaji, haitengenezwi. Chomoa, itoe nje ya nyumba, iweke juu ya sementi au mchanga mbali na watoto. Usiitoboe, usiikandamize irudi. Na hakuna betri inayofaa kuchajiwa juu ya kitanda au godoro mkiwa mmelala, hata iwe nzima, na ile ya kuchaji usiku kucha niliyosema mwanzo iwe kwenye sakafu au meza isiyo na nguo.

Hatua ya 6: sola, na kosa la kufuata kitabu cha Ulaya

Paneli za kamera zinakuja na picha inayosema inamisha sana, iangalie kusini. Hiyo ni ya watu wa kaskazini mwa dunia. Ikweta inapita hapa hapa Kayabwe kwenye barabara ya Masaka, jua letu la saa sita mchana liko juu ya kichwa, mwezi wa sita linaegemea kaskazini kidogo na wa kumi na mbili kusini. Paneli iliyosimama wima ukutani inakosa jua lote la maana. Ilaze karibu iwe bapa, inamisho la nyuzi 10 mpaka 15 tu ili mvua ioshe vumbi, na iwe juu mahali hakuna kivuli cha mti, tangi au waya. Kivuli kidogo cha jani moja la mgomba juu ya paneli kinaweza kuua sehemu kubwa ya umeme wake, manake seli zake zimeungwa mfululizo.

Tufanye hesabu. Paneli ya wati 3 ikipata jua zuri masaa matano inatoa kama wati-saa 15, toa zinazopotea ibaki 10 hivi. Betri ya 10,000 mAh ina wati-saa 37. Yaani kutoka sifuri inataka kama siku nne za jua kali, na hapo kamera yenyewe bado inakula. Ndo maana nasema jaza kamera ndani kwa chaja kwanza, alafu upandishe. Paneli kazi yake ni kurudisha kinachotumika, haikuumbiwa kufufua betri iliyokufa, na msimu wa mvua wa Machi mpaka Mei na ule wa Septemba mpaka Novemba tegemea kuishusha uichaji ndani mara moja moja.

Pima paneli kwa multimita juani saa sita, kamera ikiwa imechomolewa, nyingi za kamera zinasoma 5V mpaka 6V na kidogo juu. Ikisoma sifuri angalia waya yake, panya wanazipenda. Kama uliongeza ekstensheni, jaribu bila hiyo.

Alafu joto. Betri ya lithiamu haitakiwi kuchajiwa ikiwa imepita nyuzi 45 hivi, kamera nzuri inakataa yenyewe. Kamera iliyobanwa chini ya mabati, Gulu au Arua au Moroto kiangazi, mchana inaweza kufika huko kabisa, kwa hiyo unakuta haichaji saa nane ila jioni inachaji. Hiyo haijaharibika. Isogeze kwenye kivuli, uache paneli peke yake juani.

Hatua ya 7: inajaa lakini inaisha

Chaji mpaka 100, zima kamera kabisa, iweke ndani siku nzima, washa uangalie. Ikiwa imeshuka sana bila kufanya kazi, betri imechoka, hizi zinadumu kama mara 300 mpaka 500 za kuchaji kamili kabla hazijapungua nguvu. Ikiwa haijashuka, basi kuna kitu kinaila ikiwa kazini.

Cha kwanza ni mtandao. Umeme ukikatika ruta inazima, kamera ya betri inabaki inatafuta waifai usiku kucha, asubuhi imepungua vibaya na mtu anadhani chaja ndo mbaya. Nunua mini UPS ya ruta, ile ya 12V, inasaidia kuliko kununua betri ya pili. Ukuta wa uzio na geti la chuma navyo vinazuia mawimbi, apu nyingi zinaonyesha nguvu ya mtandao, karibu na -50 ni nzuri, ikipita -70 kwenda -80 kamera inajitesa. Tumia 2.4GHz, inapenya kuta kuliko 5GHz, au sogeza ruta karibu na dirisha la upande wa geti. Kamera za laini ya simu zinakula zaidi tena kama mnara uko mbali.

Cha pili ni kurekodi kusiko na maana. Migomba ikichezeshwa na upepo juani, bodaboda zinazopita, kuku, buibui aliyefuma mbele ya lenzi, msimu wa nsenene (senene) taa ya kamera inawaita wote, Entebbe na kando ya ziwa ni wale wadudu wadogo wa makundi. Punguza usikivu wa sensa, chora eneo la geti tu barabara uiache nje, fupisha klipu, zima taa nyeupe ibaki ya usiku isiyoonekana, futa buibui kila wiki. Na familia nzima isiwe inafungua kuangalia laivu kila dakika, hiyo ndo inakula kuliko kitu kingine.

Kengele zilizounganishwa na nyaya za ukutani

Hapa kuwa mwangalifu sana. Nyumba nyingi kwetu kengele yake ya zamani inapata 240V moja kwa moja, kengele za video zinataka umeme mdogo wa transfoma, nyingi 8V mpaka 24V AC au 16V mpaka 24V, soma yako. Ukiunganisha na 240V umeiua na unaweza kujiua. Zima swichi kuu, mwite fundi mwenye kibali cha ERA (mamlaka ya umeme ya Uganda), apime kwanza.

Kama transfoma ipo na bado asilimia inashuka, mara nyingi ni ndogo, ya 8V haitoshi kwa zile zinazotaka 16V kwenda juu. Jambo jingine, kengele za betri zilizounganishwa na nyaya zinachajiwa kwa umeme wa kudondoka kidogo kidogo tu, zikiwa chini sana hazipandi, itoe uijaze kwa USB alafu urudishe, baadae nyaya zitaishikilia.

Ukishindwa yote

Iriseti kwa kushikilia kitufe kama kitabu kinavyosema, apdeti programu yake ikiwa ina chaji zaidi ya nusu, jaribu mara ya mwisho. Kama ina garanti usifungue skrubu, piga video ukionyesha chaja, waya na taa, nenda na risiti. Umeme ukirudi baada ya kukatika ngoja dakika kadhaa kabla ya kuchomeka, na radi ikianza kunguruma chomoa kila kitu, chaja nyingi zinakufa siku hizo.

Betri mbovu usiitupe kwenye takataka zinazochomwa nyuma ya nyumba, inalipuka. Ziba ncha zake kwa selotepu, mpelekee fundi anayekusanya betri za simu. Na ukienda kununua kamera mpya mwambie muuzaji aichomeke mbele yako kwa waya yake yenyewe na kwa waya ya C kwa C, uone kama inachaji kwa zote mbili kabla hujatoa pesa.